Rangi ya nukta ni sehemu ya hesabu

Hotuba kwa wanafunzi wa takwimu na sayansi ya hali ya hewa

Waheshimiwa walimu, shikamooni. Wanafunzi, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie rangi za nukta kwenye mchoro wa mtawanyiko tunapochora kwa Matplotlib, maktaba ya kuchora ya lugha ya Python. Nimefurahi kuombwa jambo dogo kama hili, maana hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Mtu amekusanya data kwa jasho, ameisafisha, amepiga hesabu sawasawa, halafu dakika ya mwisho anaiachia kompyuta imchagulie rangi. Ninachotaka kuwaambia ni hiki: rangi ya nukta ni mhimili wa tatu. Kuna mlalo, kuna wima, kuna rangi. Hapa ndani hakuna anayeweza kupokea mchoro ambao mhimili wake wa mlalo hauna vipimo, au ambao sifuri yake imewekwa popote. Mhimili wa rangi nao tuudai hayo hayo.

Nianze na pengwini.

Kati ya mwaka 2007 na 2009, mtafiti Kristen Gorman na wenzake walipima pengwini katika visiwa vitatu, Biscoe, Dream na Torgersen, vilivyo karibu na kituo cha utafiti cha Palmer huko Antaktika. Data yao ina mistari 344 na pengwini wa aina tatu: Adélie 152, Gentoo 124 na Chinstrap 68. Siku hizi inatumika kufundishia kila mahali, na ukiwa na bando unaipata kwa amri moja ya seaborn, maktaba nyingine ya Python.

Weka urefu wa mdomo kwenye mlalo. Kwenye wima weka kina cha mdomo, yaani unene wake kutoka juu hadi chini. Chora nukta zote kwa bluu moja. Utaona wingu linaloteremka kidogo kuelekea kulia, na ukipiga hesabu ya uhusiano, ile namba ya kati ya -1 na 1 inayosema vitu viwili vinakwendaje pamoja, unapata takriban -0.24. Kwa mchoro huo mtu ataandika kwenye ripoti yake, bila wasiwasi wowote, kwamba pengwini mwenye mdomo mrefu huwa na mdomo mwembamba.

Sasa zipe nukta zilezile rangi kwa kufuata aina ya pengwini. Wingu moja linavunjika kuwa mawingu matatu, na kila moja linapanda. Uhusiano ndani ya Adélie ni 0.39, ndani ya Chinstrap 0.65, ndani ya Gentoo 0.64. Katika kila aina, mwenye mdomo mrefu ndiye mwenye mdomo mnene. Kilichotudanganya ni kwamba Gentoo kama kundi wana midomo mirefu na myembamba, wamekaa peke yao kule chini kulia, na Adélie wamekaa juu kushoto. Ukiwachanganya, tofauti ya makundi inafunika uhusiano ulio ndani ya makundi. Watakwimu wanakiita kitendawili cha Simpson. Hakuna namba hata moja iliyobadilika kati ya mchoro wa kwanza na wa pili. Kilichoongezwa ni rangi, na jibu limegeuka kinyume.

Ndiyo maana sikubali rangi iitwe pambo.

Tuje kwenye amri yenyewe. Fankisheni ya `scatter` ina parameta inayoitwa `c`, na hiyo herufi moja inabeba mizigo mingi mno. Inapokea jina la rangi moja. Inapokea orodha ya rangi, moja kwa kila nukta. Inapokea pia orodha ya namba, na hapo Matplotlib inazigeuza namba kuwa rangi kwa kutumia ramani ya rangi, yaani ngazi inayosema namba ipi ipewe rangi ipi. Kitu ambacho haipokei ni majina ya makundi. Ukiipa safu yenye maneno "Adelie" na "Gentoo", inagoma na kukuambia kwamba inataka rangi au namba.

Baada ya kugomewa, wengi wanakimbilia njia ya mkato: wanageuza majina kuwa namba, Adélie 0, Chinstrap 1, Gentoo 2, kisha wanazitupia `c`. Mchoro unatoka, hakuna kosa linaloripotiwa, na kila mtu anafurahi. Lakini tazameni kilichosemwa hapo. Ramani ya kawaida ya Matplotlib, viridis, inaanzia zambarau iliyokolea, inapita kijani cha bahari, inaishia njano angavu. Adélie wamekuwa zambarau, Gentoo njano, na Chinstrap wamewekwa katikati, kana kwamba Chinstrap ni nusu Adélie nusu Gentoo. Mpangilio huo umetokana na alfabeti tu. Jicho la msomaji haliwezi kulijua hilo. Litaona ngazi pale ambapo hakuna ngazi.

Kwa makundi, pita kundi moja baada ya jingine na uwape rangi kwa mkono:

```
rangi = {"Adelie": "#0072B2", "Chinstrap": "#E69F00", "Gentoo": "#009E73"}
alama = {"Adelie": "o", "Chinstrap": "^", "Gentoo": "s"}

for aina, kundi in data.groupby("species"):
    ax.scatter(kundi["bill_length_mm"], kundi["bill_depth_mm"],
               color=rangi[aina], marker=alama[aina], label=aina)
ax.legend()
```

Mnaona nimetumia `color`, sikutumia `c`. Kila rangi inapokuwa moja kwa kundi zima, andikeni `color`, kwa sababu `c` ina mtego. Ukiandika `c=(0.2, 0.4, 0.6)` ukikusudia bluu fulani iliyochanganywa kwa viwango vitatu, na kundi lako kwa bahati mbaya lina nukta tatu, Matplotlib itadhani umeleta namba tatu, moja kwa kila nukta, na utapata nukta za rangi tatu tofauti. Kundi likiwa na idadi nyingine ya nukta, inachora bluu uliyoitaka lakini inakutupia onyo. Kwa hiyo programu ileile inafanya kazi kwa Dodoma yenye vituo vya mvua ishirini, inaharibika kwa wilaya yenye vituo vitatu. Ukitumia `color` tatizo hilo halipo.

Faida nyingine ya kupita kundi kwa kundi ni kwamba kila kundi linaweza kuwa na alama yake, duara, pembetatu, mraba, na ufunguo wa mchoro unajiandika wenyewe kutoka kwenye `label`. `scatter` inapokea alama ya aina moja tu kila inapoitwa, kwa hiyo bila kupita hivyo huwezi. Na alama tofauti nazitaka kwa sababu ya watu. Katika watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, kama wanaume 8 kati ya 100 wana shida ya kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani. Kwa wanawake ni kama 1 kati ya 200. Kwetu pia wapo, na wengi wao hawajawahi kupimwa. Rangi nilizoandika hapo juu zimetoka kwenye orodha ya rangi nane iliyotengenezwa na Masataka Okabe na Kei Ito wa Japani, waliozichagua makusudi ili mwenye shida hiyo aweze kuzitenganisha. Nendeni nazo kila mahali. Kuweka nyekundu na kijani kuwa ndiyo kipimo pekee cha kutofautisha makundi mawili ni kumfungia mtu mlango, na mnaweza kuliacha kuanzia leo.

Sasa tutoke kwenye makundi twende kwenye vipimo, maana hapa kuna kazi zaidi.

Uzito wa pengwini ni kipimo halisi, kuanzia gramu 2,700 hadi 6,300 katika data hii. Hapa ngazi ipo kweli, kwa hiyo `c=data["body_mass_g"]` ni sahihi, na viridis ni ramani nzuri. Nieleze kwa nini ni nzuri. Matplotlib ilianzishwa mwaka 2003 na John D. Hunter, mtafiti wa neva aliyekuwa Chicago na aliyetaka kuchora mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa kifafa. Kwa miaka mingi ramani yake ya kawaida ilikuwa jet, ile ya upinde wa mvua: bluu, samawati, njano, nyekundu. Ubaya wa jet ni kwamba mwangaza wake hauendi na namba. Unapanda, unafika kwenye samawati na njano zinazong'aa, kisha unashuka tena hadi nyekundu iliyoiva. Jicho linavutwa na njano iliyo karibu na katikati, na linaona mpaka mkali mahali ambapo data inapita taratibu. Michelle Borkin na wenzake wa Harvard walilipima jambo hili mwaka 2011 kwa wanafunzi wa udaktari waliokuwa wakitafuta sehemu za hatari kwenye mishipa ya moyo: mchoro wa pande tatu wenye upinde wa mvua uliwafanya wazione sehemu hizo kwa asilimia 39 tu, na walipopewa mchoro bapa wenye ramani inayofaa wakafika asilimia 91. Mishipa ni ileile.

Viridis ilitengenezwa na Stéfan van der Walt na Nathaniel Smith, ikatangazwa mwaka 2015, ikawa ramani ya kawaida kuanzia toleo la 2.0 mwaka 2017. Mwangaza wake unapanda hatua kwa hatua kutoka mwanzo hadi mwisho. Faida yake mnaijua hata kama hamjaitaja: tasnifu zetu nyingi zinachapwa na kutolewa kopi nyeusi na nyeupe pale stesheneri. Mchoro wa viridis ukitolewa kopi, kikubwa bado ni cheupe na kidogo bado ni cheusi. Mchoro wa jet ukitolewa kopi, kidogo kabisa na kikubwa kabisa vyote vinakuwa kijivu kizito, na msimamizi wako atakayesoma kopi hiyo hawezi kutofautisha kituo chenye mvua nyingi na kilichokauka.

Na kwa kuwa nimetaja mvua, tukae hapo, maana wengi wenu mnafanya kazi ya vituo vya mvua na mnatumia `scatter` kama ramani: longitudo kwenye mlalo, latitudo kwenye wima, na rangi inayoonyesha vuli ya mwaka fulani ilizidi au ilipungua milimita ngapi kulinganisha na wastani wa miaka mingi. Mwaka 2019 ni mfano mzuri. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, na vuli ikamwaga mvua kupita kiasi Afrika Mashariki.

Data ya namna hii ina katikati yenye maana: sifuri. Chini ya sifuri ni upungufu, juu ni ziada. Kwa hiyo inataka ramani yenye pande mbili, kama `BrBG`, kahawia kwa ukavu, nyeupe katikati, kijani-bluu kwa unyevu. Wengi mnafika hapo. Mnapoteleza ni hatua inayofuata. Tuseme kituo kilichopungua zaidi kimepungua milimita 100, na kilichozidi zaidi kimezidi 400. Hali hiyo ni ya kawaida, kwa sababu mvua haiwezi kupungua chini ya kukosekana kabisa, ila kuzidi haina kikomo. Ukiiachia Matplotlib, inachukua -100 kuwa mwanzo wa ramani na 400 kuwa mwisho, kisha inagawanya sawasawa. Nyeupe inaangukia kwenye +150. Kituo kilichopata ziada ya milimita 100 kinachorwa kahawia. Mkulima wa hapo mashamba yake yamezama, na mchoro wako unasema amepata ukame.

Dawa iko kwenye parameta ya `norm`, ambayo ndiyo inayoamua namba igeuzwe vipi kabla haijapewa rangi:

```
from matplotlib.colors import CenteredNorm

sc = ax.scatter(lon, lat, c=tofauti, cmap="BrBG",
                norm=CenteredNorm(vcenter=0, halfrange=400),
                edgecolors="0.3", linewidths=0.4)
```

Sasa sifuri ni nyeupe, na kila upande una milimita 400. Huo mstari mwembamba wa kijivu unaozunguka nukta si urembo. Bila huo, kituo chenye sifuri kinamezwa na karatasi nyeupe na hakionekani.

Iko pia `TwoSlopeNorm`, inayoweza kuweka sifuri katikati huku upande mmoja ukiishia 100 na mwingine 400. Wengi wanaipenda kwa sababu inatumia rangi zote za ramani. Mimi kwa mvua siipendi. Inafanya upungufu wa milimita 100 uwe kahawia iliyokolea kabisa, wakati ziada ya milimita 100 ni kijani hafifu cha robo. Milimita zilezile, uzito tofauti machoni. Kwa urefu wa ardhi na kina cha bahari kwenye mchoro mmoja inafaa, kwa sababu pale pande mbili ni vitu viwili. Kwa mvua, afadhali sehemu ya kahawia ibaki haikutumika yote; kutotumika kwake ni habari ya kweli kwamba hapakuwa na ukame mkali mwaka huo.

Jambo jingine kwa mnaolinganisha miaka. Mkichora vuli ya 1997, iliyokuwa ya El Niño, kando ya vuli ya 2019, msiache kila mchoro ujipimie wenyewe. Kila mmoja utajitafutia kidogo chake na kikubwa chake, na kijani kilekile kitakuwa na maana mbili kwenye ukurasa mmoja. Tengenezeni `norm` moja, mpeeni kila mchoro hiyohiyo, na muweke upau mmoja wa rangi, ule mstari wa pembeni unaoonyesha rangi ipi ni namba ipi, kwa michoro yote miwili: `fig.colorbar(sc, ax=axs)`.

Sasa data chafu. Faili nyingi za zamani za hali ya hewa zinaandika -999 au -9999 pale ambapo kipimo hakikuchukuliwa. Ikibaki moja tu, inavuta ngazi nzima ya rangi upande wake, na vituo vingine vyote vinakuwa na rangi moja isiyo na maana. Mkiona mchoro ambao nukta zote ni njano isipokuwa moja, msianze kubadilisha ramani ya rangi. Nendeni kwenye data mkatafute -999. Igeuzeni kuwa NaN, alama ya kompyuta ya "hapa hakuna namba".

Lakini hapo kuna shimo la pili. `scatter` ikikuta NaN kwenye rangi, kwa kawaida inaiacha nukta hiyo bila kusema neno. Kituo kinafutika kwenye ramani. Kwa mtu wa hali ya hewa, kituo kilichonyamaza ni taarifa: huenda mafuriko yalibeba chombo chenyewe. Kwa hiyo:

```
import matplotlib as mpl
ramani = mpl.colormaps["BrBG"].with_extremes(bad="black")

ax.scatter(lon, lat, c=tofauti, cmap=ramani, norm=norm, plotnonfinite=True)
```

Nukta nyeusi sasa zinasema "hapa tulikuwepo, hatukupata kipimo". Vilevile wale wanaotumia `LogNorm` kwa jumla ya mvua, kumbukeni kwamba logi ya sifuri haipo, kwa hiyo kituo kilichopata milimita 0 kinakuwa hakina rangi na hakionekani. Yaani penye ukame mkubwa kuliko pote ndipo panapofutika. Kwa data yenye sifuri za kweli, tafuteni `norm` nyingine.

Kuhusu kuzifanya nukta zionyeshe kilicho nyuma yake kwa `alpha`: kwa makundi ni sawa, inasaidia nukta zinapobanana. Kwa vipimo msiitumie. Nukta mbili zikipandana, rangi zao zinachanganyika na kuzaa rangi ya tatu ambayo kwenye upau haipo au iko kwa maana nyingine kabisa, na msomaji atasoma kipimo ambacho hakuna aliyekipima. Badala yake punguzeni ukubwa wa nukta kwa `s`. Mpangilio wa kuchora nao ni uamuzi wenu, kwa sababu nukta inayochorwa mwisho ndiyo inayokaa juu. Mkipanga data kwa uzito, wazito watawafunika wepesi. Mkiichanganya kwa `data.sample(frac=1, random_state=1)`, hakuna anayependelewa. Mimi huichanganya, isipokuwa pale ninapotafuta vilele makusudi.

Namalizia na upau wenyewe. Rangi yoyote inayotokana na namba lazima iwe na upau, na upau lazima uwe na jina na kipimo: `label="Tofauti na wastani wa vuli (mm)"`. Kama mmekata ngazi kwenye -400 na 400 na kuna kituo kimepita hapo, wekeni `extend="both"`, upau uchongoke ncha, msomaji ajue kwamba rangi ya mwisho ina waliozidi. Na kwenye maelezo ya chini ya mchoro, andikeni mlitumia ramani gani na `norm` gani, kama mnavyoandika ukubwa wa sampuli.

Walimu wetu mnaosimamia tasnifu, ombi langu kwenu ni moja. Mwanafunzi akileta mchoro wa mtawanyiko wenye rangi, kabla ya kumuuliza kuhusu hitimisho lake, muulizeni nyeupe yake iko kwenye namba gani, na vituo visivyo na kipimo amevichora wapi. Akishindwa kujibu, mrudishieni.

Asanteni sana. Nitabaki hapa mbele. Mwenye kompyuta yake na data yake aje nayo, tuchore.